Kutu ya Dole Gumba

Kuna watu wakiamka wanakwenda kazini, na kuna watu wakiamka wanakwenda kwenye benchi. Benchi la Hebron Wells liko mbele ya duka la mbegu na chakula cha ng'ombe, huku juu kabisa Texas ambako upepo haupumziki hata Jumapili. Wenye benchi ni watatu. Dub Hensley anaitwa Hakimu, kwa sababu aliwahi kukaa na wazee wa baraza kwenye kesi ya ndama aliyeibwa, na ugonjwa huo haujamtoka. Orville Stamps ni Mafuta; alichimba visima vya watu miaka thelathini, asipate hata tone lake. Wa tatu ni Wendell Pruitt, yaani Glavu. Huyu anakusanya bastola za kale zenye nakshi, zile za kuvuta nyundo kwa dole gumba kabla ya kila risasi, na hazigusi bila glavu nyeupe za pamba. Kahawa inatoka kwenye themosi ya Mafuta, chungu kama dawa ya minyoo. Asubuhi hiyo Glavu alikuja amepakata sanduku la mbao, na kahawa hakuitaka.

— Mnunuzi wa Amarillo anafika saa nne, akasema. Na bastola ina kidole.

— Ina nini? Mafuta akauliza.

— Kidole. Njooni muone.

Akafungua sanduku. Wakasogea, mikono nyuma, maana wanamjua. Ilikuwa ile ya mwaka 1911, bibi wa zote, iliyochongwa nakshi kiwandani kwenyewe, si zile ambazo mtu alizipeleka baadaye kwa fundi wa uchochoroni. Mpini ni wa pembe ya ndovu. Miaka ishirini na sita Wendell hajawahi kuvuta nyundo yake, kwa sababu silinda, lile gurudumu la risasi, ikizunguka hujichora mstari, na mstari huo haufutiki. Sasa mstari upo, mwembamba kama unywele, umezunguka silinda nzima. Na juu ya ile rangi ya buluu ya kiwandani kuna kutu ya rangi ya chai yenye umbo la dole gumba. Jasho la mtu hufanya hivyo kwenye chuma kisichofutwa, mwezi baada ya mwezi.

Katikati ya alama kulikuwa na mkato mdogo wa kovu. Wendell alijua ni dole la nani tangu alfajiri. Nadine alijikata akimenya pichi, mwaka waliooana. Nadine ana miezi kumi na minne kaburini, na sanduku halikufunguliwa tangu alipoanza kuugua. Wendell alikuja benchini ili mtu amwambie si yeye.

— Mwizi, Hakimu akatoa hukumu hapohapo.

— Mwizi gani anaingia, anachezea, anarudisha sandukuni na kufunga na ufunguo?

— Mwizi mwenye malezi. Wapo! Kikulacho ki nguoni mwako, Glavu.

— Tuachie bwana, Mafuta akasema. Ardhi ya hapa ina gesi. Gesi ikipanda usiku, chuma kinatoka jasho. Mimi nimeyaona visimani.

— Jasho lenye alama za vidole? Hakimu akauliza.

— Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa gani, wewe mzee? Bahari iko maili mia sita!

— Methali haiulizi maili.

Wendell akacheka kidogo. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba:

— Gesi inawezekana. Eti Hakimu, inawezekana?

— Gesi upuuzi. Barua ya kiwanda, ile ya historia yake, inasema bastola hii ilipelekwa kwa nani?

Wendell akaitaja barua yote kwa kichwa, kama mtoto wa shule: urefu wa mtutu, rangi, aina ya nakshi, siku iliyotoka kiwandani, jina la mwenye hoteli wa Fort Worth aliyeiagiza.

— Basi ndiye huyo, Hakimu akasema. Mwenye mali amerudi kuangalia mali yake.

— Mzimu una jasho? Mafuta akauliza.

— Ukitembea kwa miguu kutoka Fort Worth, hata wewe utatoa jasho!

— Acha kamba. Ni setelaiti, Mafuta akasema, naye hakuwa anatania. Serikali ina mashine juu huko, inachukua alama za vidole vyetu. Hii ilibonyezwa kinyumenyume. Badala ya kupandisha, imeshusha.

— Dole la nani, sasa? Hakimu akauliza.

— La yeyote! Hata la mtu wa China. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mafuta aliitupa tu, kama anavyotupa methali zake zote. Wendell akainamisha kichwa.

Hapo akafika Imelda Ochoa, mleta barua mpya, wiki ya tatu tu tangu apewe njia hii. Akaweka barua za duka dirishani, akachungulia sandukuni bila kuomba ruhusa.

— Mbona ni dole la mwanamke hili? Dogo hivi. La nani?

Hakimu akajiandaa kutoa hukumu nyingine, lakini Wendell akamtangulia.

— La mke wangu. Nilikwenda Tulsa kwenye maonyesho, siku tatu. Ndiyo safari yangu ya mwisho kabla hajaugua.

Hakimu akavua kofia. Mafuta akasema pole, taratibu, kisha akainamia themosi yake.

— Ufunguo alikuwa nao? Imelda akauliza.

— Ninauficha kwenye kopo lake la vifungo. Miaka yote.

— Basi, mzee wangu, kwa nini alisubiri uondoke?

Mafuta akatikisa themosi juu ya kikombe. Haikutoa kitu. Wendell jibu alikuwa nalo. Jioni moja alikuwa anaifuta bastola mezani, Nadine akanyoosha mkono. "Na mimi nione." Yeye akamwambia, "Jasho lako, Nadine." Mkono ulikuwa mkavu. Hata hivyo Nadine aliufuta kwenye aproni, akarudi kwenye vyombo vyake, na hakuomba tena.

Gari la Amarillo likaegeshwa. Mnunuzi, Kirby Lusk, akainama juu ya sanduku, akapiga mluzi.

— Eh, mama! Kakutu tu haka. Nina mafuta na stilwaya laini garini. Dakika mbili, kamekwisha.

— Usiguse.

— Nina glavu.

— Haiuzwi, Wendell akasema, akafunga kifuniko.

— Mzee, umenitoa Amarillo!

— Nisamehe, kijana wangu. Rudi salama.

Lusk akatazama benchi zima, akitafuta mtu mwenye akili. Akaondoka akinung'unika. Imelda akamgusa Wendell begani, akaendelea na njia yake. Hakimu akakumbuka miadi ambayo hakuwa nayo, na Mafuta akaenda kutafuta kahawa, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ya kurudi.

Wendell akavua glavu, ya kulia, kisha ya kushoto. Akahakikisha silinda haina risasi, akaelekeza mtutu chini mchangani. Akaweka dole gumba kwenye nyundo, kwa mkono mtupu, akavuta polepole.

Ikalia mara nne. Tak, tak, tak, tak, kila mlio na sauti yake. Miaka ishirini na sita alijua jina la mtu wa Fort Worth aliyeiagiza, na hakujua kuwa inalia hivi. Nadine alijua. Alikaa nayo jikoni peke yake, akaizungusha silinda mpaka mwisho, akairudisha, akanyamaza.

— Inalia vizuri, akasema, akageuka kumtazama aliyekaa karibu naye.

Hapakuwa na mtu.