Nyumba ya Remla

Kibaraza cha Redwan, fundi cherehani wa hapa Harar, kinajaa wanywa kahawa kuliko wateja wa nguo. Mimi ndiye ninayewapikia, kwa hiyo uongo wao naupata ungali wa moto. Leo katikati ya vikombe vyangu kulikaa nyumba ya maboksi ya Remla, binti wa Redwan, mwanafunzi wa darasa la nne. Mwalimu kamwambia kila mtoto ajenge nyumba kama ya kwao, na kesho asimame kuieleza mbele ya wazazi wote.

— Mimi nimekata maboksi tu, — Redwan akasema, kifua mbele. — Mengine yote kafanya mwenyewe. Tazameni vibaraza vya ndani vilivyopandana.

Injinia akainama kuchungulia. Jina la barazani tu hilo: ni dereva wa teksi kuukuu ya Pijo, hajajenga hata banda la kuku.

— Sakafu haijakolea wekundu kama za nyumba zetu. Ongezeni udongo.

— Mtaivunja, — Remla akasema.

— Tulia mwanangu, waachie wakubwa, — Redwan akamwambia.

Balozi, aliyewahi kufagia ubalozi fulani Addis, akakohoa.

— Hii serikali itaichukua. Wageni watapanga foleni kuipiga picha.

— Picha tu? — Injinia akasema. — Wataenda kwao wajenge mji mzima kwa kuiga hii.

— Na mtoto watamfanya meya.

— Subiri kwanza tumalize. Nyumba gani ya maana haina zulia juu ya mlango?

Wote wakaona haya kwa kusahau. Redwan akakata kitambaa chekundu, Balozi akakikunja, Injinia akakibandika kwa gundi juu ya mlango. Hata mimi nilipiga kigelegele.

Ndipo akapita Meftuha, shangazi yake Redwan, akitoka sokoni.

— Mashaallah. Sasa humu anaozwa nani?

Hapa kwetu zulia lililokunjwa juu ya mlango lina maana moja tu: ndani kuna mwari, leteni posa. Na mwenye nyumba hii hajaota hata meno yote. Redwan akashika mkasi, akauweka chini. Balozi akaniomba kahawa, nayo imekwisha.

Remla akalibandua zulia gundi ikiwa mbichi, akalikunjua, akalitandika kwenye kibaraza cha juu kabisa, anapokaa baba mwenye nyumba.

— Hapa nitakaa mimi nikisoma, — akasema. — Kesho nitawaeleza hivyo.

Redwan alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga.

— Jamani, — akatuambia, — hapo sikumsaidia.