Nyumba Yangu Haikwenda kwa Bei ya Bati

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wamsifu zaidi wale wenye nyumba ambazo madalali wamesema hazina soko.

Mimi ni Mama Tumaini, natokea Chunya, kwenye kijiji kilichokuwa cha machimbo. Enzi za dhahabu, kwetu hata banda la kuku lingepata mpangaji. Mashimo yalipoisha, watu wakaondoka, na mchimbaji akihama haachi bati. Anapanda juu, anaezua, anapakia kwenye lori, kuta zinabaki kuliwa na mvua. Hiyo ndiyo ikawa bei ya nyumba kwetu. Dalali haingii hata ndani, anasimama nje anahesabu mabati.

Marehemu mume wangu aliniachia vyumba vitatu, na kaburi lake liko nyuma ya jiko. Kaka yake, shemeji Ambakisye, alitaka tuezue, tuuze, nikaishi kwake Mbeya, chumba cha uani. Nilikataa kwa mdomo, lakini moyoni hofu ilinishika. Katika kila nyumba iliyoezuliwa nilijiona mimi. Nikaanza kuamini kwamba na mimi thamani yangu imekwisha pamoja na dhahabu. Ndugu zangu, wengine hufungwa na pombe. Mimi nilifungwa na bei!

Asubuhi moja shemeji akaja na dalali, vijana na ngazi. Walikuwa wameshapatana bila mimi. Niliomba, wala si maombi marefu. Nilisema, "Bwana, mimi siendi." Nikatandika mkeka katikati ya sebule, nikaketi, nikaanza wimbo wa msiba. Kwa nini ulinijia huo, sijui mpaka leo. Jirani yangu Mama Neema akausikia, akajua nimefiwa. Akaja na mkeka wake, kanga kiunoni. Akaja mwingine, na mwingine, hadi akina mama wa jumuiya wakajaa sebule na baraza, wengine wamebeba unga na kuni kama ilivyo desturi.

Shemeji akauliza ni nani amekufa. Mama Neema alikwisha kuiona ngazi. Akamtazama, akasema, "Ni nyumba ya mdogo wako. Panda basi, uizike."

Sisi ni Wanyakyusa, na Mnyakyusa gani ataezua bati juu ya vichwa vya waombolezaji? Vijana waliishusha ngazi wenyewe. Dalali akaondoka akinung'unika. Shemeji akavua kofia akaketi nje, mahali pa wanaume. Ugali wa msiba ukapikwa, naye akala pamoja nasi. Tangu siku ile hajaitaja tena habari ya kuuza, na ile hofu ilinitoka.

Sasa mnasubiri niseme bei imepanda. Haijapanda! Mashimo ni yale yale, na dalali akipita bado anayahesabu mabati yangu. Namkaribisha chai. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walijua wanachosema.

Bwana hakuipandisha bei nyumba yangu. Alinitoa mimi sokoni. Ndaga, Tata, asante Baba!

Na wewe uliyepimwa na watu wakasema hufai kitu, mwamini Yeye. Tandika mkeka wako, ukae hapo hapo. Sisi wa Chunya tutakuja na unga.