Maelezo ya Emerensiana Niliyoyafuta

Tarehe 30 Juni, Emerensiana, Mama Devotha wetu, anastaafu baada ya kuutumikia mradi wetu wa maji hapa Babati kwa miaka ishirini na tisa. Nimeombwa niandike kwa kuwa nilikuwa mkuu wake. Naandika nikiwa kitandani, nyumbani kwangu Maisaka, na daktari hajanificha kitu.

Alianza kama mwendesha pampu. Alisoma kompyuta kila Jumamosi, na mwaka 2009 akaandika programu inayowasha na kuzima pampu zetu hadi leo.

Alikuwa mkali kuhusu maelezo, yaani maneno ambayo mwandishi huyaweka kati ya mistari ya programu. Kompyuta huyaruka, binadamu huyasoma. Kijana wetu Nickson alipoandika "hapa pampu inawaka" juu ya mstari wa kuwasha pampu, alimwambia, "Nickson baba, umebandika karatasi ya 'mlango' kwenye mlango." Ofisi nzima ilicheka. Maelezo yake yalikuwa machache, nayo yalitoa sababu. Haya nayakumbuka neno kwa neno: "Subiri dakika kumi na mbili kabla ya pampu ya pili. Bomba la Mutuka ni kuukuu, likijaa haraka linapasuka."

Mwaka 2014 tulitarajia wakaguzi. Nilitaka programu ionekane nadhifu, nikafuta maelezo yote, ya Nickson na yake, bila kumwambia. Kwangu yote yalikuwa uchafu. Miezi minne baadaye Nickson akaona kusubiri kule hakuna maana, akapunguza hadi dakika mbili. Bomba likapasuka. Mutuka ilikaa siku tisa bila maji, na vitunguu vya watu vikasombwa shambani.

Kwenye kikao aliulizwa kwa nini hakuacha onyo. "Niliandika," alisema. Programu ikafunguliwa, hapakuwa na kitu. Akanigeukia: "Baba Hezekia, si uliyasoma?"

Nikasema sikumbuki.

Alipewa barua ya onyo, na ukuu wa kitengo aliostahili ukaenda kwa mwingine. Hakuniuliza tena. Shikamoo yake ya asubuhi haikukosekana hata siku moja, nami niliiitikia.

Mama Devotha, nilikumbuka. Naomba uongozi uiondoe barua ile kwenye jalada lako. Eliya, anayeitunza programu sasa, nimemwomba ayarudishe maneno yako mahali pake, na chini yake aongeze, kwa jina langu mwenyewe: "Gerson aliyafuta haya mwaka 2014. Emerensiana alikuwa ameandika."

Asante kwa maji tuliyokunywa miaka yote hii. Nenda nyumbani Nakwa ukapumzike, ukiwa na afya na jina safi.