Melania Mwakalinga Ndaba, Aliyezima Mbaula za Bellevue

Dada yetu Melania alizaliwa Tukuyu tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa Mzee Ambakisye na Mama Tumpe. Baada ya shule ya msingi alijiunga na chuo cha ufundi Dar es Salaam, msichana pekee darasani. Mwalimu alipomwuliza kama amepotea njia, alijibu, "Hapana, wasichana wenzangu ndio wamecheleweshwa."

Aliendesha boila za kiwanda Morogoro, na huko mwaka 1985 akaolewa na Mzwandile Ndaba, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Mwaka 1992 walihamia Johannesburg, wakakaa Bellevue. Alikuwa mhandisi wa mitambo ya hospitali hadi alipostaafu mwaka 2015.

Juni mwaka huo jirani yake Jeanne, mshona nguo kutoka Bukavu, aliwasha mbaula, jiko la bati la makaa, chumbani na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi. Asubuhi Melania alivunja mlango. Jeanne na bintiye walikuwa wameuawa na hewa ya sumu. Msibani watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Dada akasimama: "Msimsingizie Mungu. Ni makaa."

Akabuni mtambo mmoja wa nyumba nne: maji yapashwe moto kwa jua na kwa pampu inayovuta joto la hewani, yapite kwenye mabomba ya pamoja hadi kila chumba. Benki ilikataa kuwakopesha wapangaji. Akaunda ushirika, wapangaji wakanunua hisa, shirika la hisani likaongeza. Mwaka 2017 mwenye nyumba mmoja, aliyepinga mabomba kupita kwake, akaleta mafundi wayakate. Melania aliingia kwenye mtaro wa mabomba akaketi.

"Eish, Gogo, toka hapo!" fundi mmoja alimwambia, akimwita bibi kwa Kizulu.

"Kateni. Anzieni kwangu."

Wapangaji wakashuka mtaroni mmoja mmoja, wakaketi naye. Mafundi wakaondoka, na mahakama ikaupa ushirika haki. Mei 2018 joto lilifika vyumbani.

Januari 2019 aligundulika na saratani ya ini. Nilipomsihi atulie, alinijibu, "Nyumba ya tano inalala na baridi, nitulie vipi?" Alifariki nyumbani Jumapili, 9 Juni 2019.

Ameacha mume, watoto wawili, Happyness na Themba, wajukuu watatu, nami mdogo wake, Ulimboka. Wanaongoja ushirika ufe pamoja naye wasijisumbue: kibali tunacho, Jumatatu tunachimba mtaro wa nyumba ya tano.

Bwana ampe dada yetu pumziko la amani.