Pua Chini

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu walikaa watu wasiojuana: mkunga aliyetoka zamu, na binti fundi saa anayejifunza kurusha ndege.

"Leo mwalimu ataiangusha tena ndege makusudi," binti alisema. "Anainua pua mpaka mabawa yanakosa hewa ya kuyabeba, ndege inaporomoka huku inazunguka kama pia."

"Umemkosea nini huyo mwalimu?" mkunga akauliza.

"Wiki iliyopita nilifumba macho, nikamkaba shingo, nikatapikia kofia yake. Kasema leo nisipoitoa mwenyewe kwenye mzunguko huo, basi niache."

Nilijifanya nasoma gazeti, ingawa nilikuwa nimelishika kichwa chini.

"Jumapili nzima nimekaa kwenye stuli jikoni," aliendelea, "mwiko ndio usukani. Woga unakwambia vuta. Ukivuta, umekwisha. Unakanyaga pedali ya upande usikozungukia, halafu unasukuma pua chini, kulekule unakokuogopa."

"Sukuma! Mwanangu, neno hilo nawaambia watu kila siku. Wananitukana mpaka mama yangu."

"Lakini wanasukuma, shangazi?"

"Wanasukuma kwa sababu hawana pa kukimbilia. Wewe unapo. Rudi kwenye saa zako."

"Sirudi."

"Basi una wazimu."

"Ninao, tena na woga ninao. Vyote napanda navyo."

Basi likasimama penye lango la uwanja wa ndege. Binti akateremka. Mkunga, ambaye kwake kulikuwa vituo vinne mbele, akakwapua mkoba wake akamfuata, bado anagomba.