Kahonzi Ngowa, Aliyesubiri Simu ya Kadii

Marehemu Kahonzi Ngowa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Ganze, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Ngowa. Miaka miwili baadaye alizaliwa dada yetu Kadii, kisha mimi Mwaringa, ninayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Ganze hadi darasa la saba, mwaka 1976. Mwalimu akimchapa Kadii, anayelia ni Kahonzi.

Mwaka 1981 aliolewa na Bwana Mwambire, wakahamia Gongoni, ambako alifanya kazi ya kukwangua chumvi kwa miaka kumi na tisa. Siku moja mwaka 1988 tumbo lilimkata kazini, akaangusha koleo. Msimamizi akamkemea, "Wewe mama, maigizo yako peleka kanisani!" Jioni ikaja habari kwamba Kadii amejifungua Ganze saa ileile. Tulicheka mpaka basi. Ndivyo alivyoumbwa: la moyoni lilimshukia mwilini, na sote tulilijua.

Baadaye walihamia Barani, Malindi, akawa anauza mahamri. Kila asubuhi, kabla ya kugusa unga, alimpigia Kadii simu.

Tarehe 11 Februari 2025 alipatwa na kiharusi kidogo. Alipotoka hospitali, daktari alitusihi asipewe habari za kumshtua. Aliendelea vizuri, akaanza kutembea mpaka kwa jirani. Tarehe 3 Machi Kadii aliumwa na nyoka shambani, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Tulikaa kikao. Aliyesema tumfiche Kahonzi kwanza, mpaka apate nguvu, ni mimi. Tukamzika Kadii bila yeye. Akiuliza, leo tunasema Ganze hakuna mtandao, kesho tunasema simu ya Kadii imeibwa.

Kumbe mwenzetu alishaamua kwamba Kadii amemkasirikia. Kwetu, mtu aliyekuwekea kinyongo hutia maji kinywani, akayatema huku akisema hasira imekwisha, nawe ndipo unapopona. Kahonzi alisema hana hamu ya chakula mpaka Kadii aje ateme maji. Nilichukua kikombe nikamwambia, "Dada, acha niteme mimi kwa niaba yake."

Akanitazama. "Mwaringa, wewe huna kinyongo na mimi. Niletee Kadii."

Jamani, ningemtoa wapi?

Uji ukawa unarudi jikoni kama ulivyopelekwa. Daktari alisema presha imeshuka, dawa zinafanya kazi, haelewi mbona mama anaisha. Sisi tulielewa. Lakini kila tulipotaka kufungua mdomo, tuliogopa kwamba habari yenyewe ndiyo itakayommaliza. Tukanyamaza, naye akikonda mbele ya macho yetu. Alifariki tarehe 24 Aprili 2025, saa mbili asubuhi, simu ikiwa mkononi.

Ameacha mume, Bwana Mwambire, watoto watatu, Everlyne, Charity na Viola, wajukuu saba, na ndugu mmoja.

Dada Kahonzi, Kadii hakukukasirikia hata siku moja. Alikufa tarehe tatu Machi. Kila uliponiuliza, nilikuwa ninajua.

Mungu akupe utulivu tuliokunyima.