Aliyeshika Kipaza Sauti Bila Ruhusa

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi, Bwana Alute Mughwai, fundi wa redio wa uwanja wetu wa ndege hapa Singida, anastaafu tarehe 30 Juni 1960. Mimi, Leonidas, karani wa vifurushi, nimepewa nusu ukurasa wa gazeti letu nimuage. Haitoshi, lakini tutabanana humo humo.

Alianza mwaka 1937 akiwa kibarua wa kufyeka nyasi na kufukuza ng'ombe wa watu uwanjani. Ng'ombe aliwajua kwa rangi na kwa zizi walikotoka, hivyo mwenye mifugo hakuwa na pa kujificha. Mwaka 1947 alipelekwa kozi ya redio ya miezi tisa, akarudi na cheti, miwani na maringo kidogo. Mkewe, Mama Klara, anasema mpaka leo ukimuuliza kisima kiko wapi anakujibu kwa digrii za dira.

Kazi yake ni hii. Mawingu yakishuka hata rubani asione ardhi, rubani huzungumza redioni, na Mzee Alute huzungusha gurudumu la mtambo mpaka ajue sauti inatoka upande gani. Zamani aliandika kipimo kwenye kikaratasi akampa mkuu wa kituo, na mkuu ndiye aliyemwambia rubani aelekee wapi na ashuke lini. Kipaza sauti kilikuwa cha mkuu peke yake. Mwafrika hakuruhusiwa kukigusa.

Sasa twende Februari 1955. Nilikuwa ndani ya ndege kutoka Tabora, rubani na abiria watano. Dirishani kweupe tupu. Mafuta yalibaki ya kujaribu kutua mara mbili, ya tatu hakuna. Bwana Badrudin wa duka la vitambaa alisoma dua zake, nami nikasoma zangu. Nyumbani Theresia wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na niliogopa, nasema kweli, kwamba mtoto atazaliwa yatima.

Tulikwisha kuanza kushuka. Upepo ukatusukuma kuelekea vilima vya mawe. Mzee Alute akaliona hilo kwenye kipimo kipya, akampa mkuu kikaratasi. Mkuu, mgeni wa miezi miwili, akampungia mkono asimsumbue, kwani alikuwa bado anasoma kile cha kwanza. Akampa tena. Wapi! Basi akanyoosha mkono, akakishika kipaza sauti, akabonyeza kitufe, na Kiingereza chote cha kozi kikamkimbia. Akapiga kelele: "Panda juu, bwana! Panda! Mawe hayo!"

Rubani alikuwa mzaliwa wa Arusha, hakungoja tafsiri. Ndege ikainua pua, na kwa macho yangu nikaona jiwe likipita chini ya bawa, jeusi, limelowa. Tulipojaribu kutua mara ya pili, Mzee Alute alikuwa bado hajakirudisha kipaza sauti. Alitushusha mwenyewe, kipimo kwa kipimo, mpaka mawingu yakafunguka na uwanja huo mbele yetu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Siku tatu baadaye akapewa barua ya karipio kwa kugusa kifaa kisicho chake. Alitia saini bila kubisha, akasema kesho ikitokea atakigusa tena. Rubani aliposikia aliandika barua ya kurasa nne, abiria wote tukatia saini, Bwana Badrudin mara mbili kwa hasira. Karipio likafutwa, na Julai mwaka ule ule Mzee Alute akakabidhiwa kipaza sauti rasmi. Tangu hapo ameshusha ndege sitini na moja mawinguni, zote salama! Ezekieli na Andrea, aliowafundisha yeye, ndio wanaokaa kwenye kiti kile sasa, wala hawaombi ruhusa ya mtu.

Shikamoo, Mzee Alute, na asante. Nenda kwenu Mgori ukalime uwele wako, ukae na Mama Klara kwa afya na amani miaka mingi. Jumamosi tutakuja kukusalimu, mimi na Theresia na binti yetu Dorika. Ametimiza miaka mitano, na baba anaye.